MWENZETU AKINYAMAZA, TUMWULIZE

Ndugu wanachama,

Katika karatasi hii tumezoea kusema habari za mishahara, nyumba, likizo na barua za onyo. Safari hii twaomba mtupe nafasi tuseme habari za ugonjwa usiofungwa bandeji. Tunasema kwa sababu tawi letu lilikosa, na kosa lile nusura litupotezee mwenzetu. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa kuandika, mradi jina lake na stesheni yake tusivitaje. Alituambia, "Andikeni, maana yuko mwingine kama mimi, naye hasemi." Basi twaandika kwa ajili ya huyo mwingine.

Mwenzetu huyu ni mtu wa genge la njia. Kwao ni Eliye Springs, katika Turkana, ukingoni mwa ziwa. Amefanya kazi ya njia zaidi ya miaka kumi, kubadili mataruma, kushindilia kokoto, kukaza boliti juani na mvuani, wala hakuna nyapara aliyepata kumlalamikia. Siku moja mwaka jana gari la moshi liligonga mtu katika sehemu ya genge lake. Genge likaitwa kwenda kuokota. Ninyi mnaofanya kazi ya njia mwajua tunasema nini, na wasiojua hatutawaeleza zaidi. Walipomaliza walinawa mikono, wakarudi kwenye mataruma yao. Kesho yake saa moja asubuhi kazi ilikuwa kama kawaida. Hakuna aliyewauliza neno. Mwenye kazi hakuuliza, na sisi wa chama hatukuuliza.

Haukupita muda yule mtu akaanza kubadilika. Alikuwa mcheshi, akawa kimya. Alikuwa wa kwanza kufika, akawa anachelewa. Pombe aliyokuwa akinywa Jumamosi akaanza kuinywa Jumatatu. Akagombana na nyapara kwa neno dogo. Ikaja barua ya onyo, ikaja na ya pili, na mambo yakaletwa mbele ya kamati ya tawi. Hapa twaona haya kusema, lakini tutasema. Kamati ilikaa juu ya jambo lake dakika kumi tu. Tukasema, "Hii ni pombe. Chama hakiwezi kutetea mlevi." Tukafunga daftari, tukaendelea na habari za ada.

Akachukua likizo yake akaenda kwao. Siku ya kurudi ikafika, hakurudi. Simu yake haikupatikana. Siku ya nne tuliamua watu wawili wa kamati twende kumtafuta kabla hajaandikiwa kwamba ameacha kazi.

Reli yetu ilifika Kitale mwaka 1926, wala haikuvuka kwenda Turkana. Mtu wa kule akitaka kuja kazini hupanda motokaa. Nasi tulipanda basi Kitale, tukapita Kapenguria, Marich, Kainuk na Lokichar hata Lodwar, na toka Lodwar tukapata gari la kutupeleka Eliye Springs kwa njia ya mchanga. Ni nchi ya joto na upepo. Maji ya ziwa yana magadi, lakini pale Eliye chemchemi za maji matamu hutoka katika mchanga chini ya mikoma, na watu hutoka mbali kuyateka.

Mwenzetu hatukumkuta. Tulimkuta mjomba wake, mzee aliyekaa juu ya ekicholong, kile kigoda ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho. Mchana hukikalia, na usiku huweka kichwa juu yake. Mzee alitupa maji kwanza, kisha akatupa habari. Kijana alikuja akiwa hali chakula wala halali usiku. Alikuwa akitembea ufukoni gizani. Ndugu zake walidhani ni mambo ya mifugo, kwa kuwa mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, toka mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa 2023, na mbuzi wengi wa nyumba yao walikufa. Toka wakati ule mshahara wake mmoja ndio uliokuwa ukilisha watu wote wale. Wakamwita emuron, mganga wa kienyeji, wakamwita na katekista. Hakuna aliyekosa kusaidia kwa namna yake, lakini usingizi haukurudi.

Halafu jioni moja yule kijana alimpa mpwa wake mdogo kigoda chake. Akampa dada yake simu, akasema hana haja nayo. Mzee akasema, "Mimi sikusoma. Lakini mtu hatoi ekicholong yake akiwa na safari ya kurudi." Usiku ule hawakumwacha peke yake hata kidogo. Walimlaza katikati yao. Kulipokucha walimwita mama mmoja wa kijiji anayehudumu kama mhamasishaji wa afya, mmoja wa wale 100,000 ambao serikali iliwatangaza mwaka 2023, naye akafuatana nao mpaka hospitali ya Lodwar.

Kisha mzee akatuuliza, "Ninyi mnakaa naye miezi kumi na mmoja katika mwaka. Sisi tumekaa naye wiki tatu. Hamkuona?"

Ndugu wanachama, hatukuwa na jibu.

Tulirudi Lodwar, tukamkuta mwenzetu hospitalini, amekonda lakini yuko hai. Alitueleza kwamba alipofika, mhudumu alimwuliza habari za usingizi, chakula, kazi na pombe. Akamwuliza kama kuna jambo baya aliloliona. Mwisho akamwuliza waziwazi, kwa sauti ya kawaida, kama ana mawazo ya kujiua. Mwenzetu akasema, "Hilo swali hakuna mtu aliyekuwa amenipa. Nilijibu ndiyo, na nilipojibu nikalia, na nilipolia nikahisi kama nimetua gunia."

Tumejifunza hapo jambo la kwanza, nalo twataka kila mwanachama alishike. Watu wengi huogopa kuuliza swali hilo, wakidhani watamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Si hivyo. Waganga wamelichunguza jambo hili, wakaona kwamba kuuliza waziwazi hakumtii mtu wazo la kufa. Mara nyingi humfungulia mlango wa kusema.

Jambo la pili ni kwamba huu ni ugonjwa, tena una tiba. Yale mambo ya ajali yaliyokuwa yakimrudia usiku kama yanatendeka tena, moyo kwenda mbio akisikia honi ya treni, ile huzuni nzito ambayo siku hizi waganga huiita sonona, vyote vyajulikana, vyapimwa na kutibiwa. Wengine hupata nafuu kwa kuzungumza na mtu aliyefundishwa, wengine hupewa na dawa. Pombe aliyokuwa akinywa haikuwa mwanzo wa ugonjwa. Alikuwa akijitafutia dawa ya usingizi mahali pasipo na dawa, na ile pombe ikamzidishia. Sisi tuliona chupa, hatukuona kilichomtuma kuishika.

Tusidhani ni jambo la mtu mmoja. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza kwamba sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka ulimwenguni. Hizo ni siku za wafanya kazi kama sisi: dereva, mshona nguo, mwalimu, kuli wa bandarini.

Wengi wetu tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za nabii Eliya. Majina Eliya na Eliye yafanana tu, hatusemi kwamba moja limetoka kwa jingine. Lakini tulipokaa chini ya mikoma ile tulimkumbuka. Eliya alikuwa mtu hodari, aliyesimama mbele ya mfalme bila hofu. Hata hivyo ilifika siku akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Tazameni alivyotendewa. Malaika hakumgombeza. Hakumwambia jikaze wewe ni mwanamume. Hakumwambia imani yako ni ndogo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Naye Eliya alipolalamika kwamba amebaki peke yake, aliambiwa wako wengine 7,000, na akapewa Elisha wa kumsaidia kazi. Basi kama nabii alifika mahali pale, mtu wa genge asione haya. Na sisi tulio wengi tujue kazi yetu. Ni mkate, maji, usingizi na mwenzi wa njia, wala si hotuba.

Sasa tuzungumze kama watu wa reli. Kila mmoja wetu anamjua yule anayetembea njia kila asubuhi na nyundo yake, akigonga na kutazama. Hangoji reli ikatike. Akiona ufa mdogo au boliti iliyolegea husimamisha gari kwa bendera nyekundu, na hakuna dereva mwenye akili anayemcheka. Twaomba kila mwanachama ajitembelee mwenyewe hivyo hivyo, na amtazame mwenzake. Dalili tulizoelezwa ni hizi:

1. Usingizi umekwenda, au mtu analala mno lakini anaamka amechoka.

2. Chakula hakina ladha, mwili unakonda. Au mtu anakula kupita desturi yake.

3. Mambo aliyoyapenda hayamvuti tena, iwe mpira, kwaya, watoto au mazungumzo ya jioni.

4. Hasira ya haraka kwa neno dogo, hasa kwa mtu ambaye hakuwa hivyo.

5. Pombe au miraa imeongezeka, na anaitumia ili asahau au ili alale.

6. Kichwa, kifua, mgongo au tumbo vinauma siku nyingi, na vipimo havioni kitu.

7. Jambo baya aliloliona linamrudia usiku na mchana, au anakwepa mahali lilipotokea.

8. Anasahau, anakosea kazi aliyoizoea, na akili haitulii juu ya jambo moja. Katika kazi yetu dalili hii yaweza kuua na wengine.

Kila mtu hupata siku mbaya. Mtu aliyefiwa atahuzunika, na mwenye deni atakosa usingizi, na huo si ugonjwa. Lakini dalili hizi zikikaa siku nyingi kuliko siku ambazo hazipo, kwa muda wa wiki 2, au zikikuzuia kufanya kazi na kukaa vema na watu wako, hiyo ni bendera nyekundu. Usingoje wiki ya tatu. Nenda zahanati.

Tena kuna dalili ambazo hazingoji hata siku moja. Mtu akisema kwamba hana faida, kwamba ni mzigo, kwamba watu wangekuwa heri bila yeye. Akianza kuaga na kugawa vitu vyake kama mwenzetu alivyogawa kigoda. Akitaja kujiua hata kwa mzaha. Akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akiona watu wote wanamwinda. Huyo asiachwe peke yake. Ondoeni karibu naye vitu vya kumdhuru, mpelekeni hospitali siku ile ile. Wale watu wa Eliye hawakuwa na daktari wala motokaa usiku ule. Walikuwa na macho na miili yao, wakamlaza katikati. Hivyo ndivyo alivyoiona asubuhi.

Wengine watauliza, "Nikienda, nitasema nini?" Sema kama unavyosema habari za tumbo. "Silali toka mwezi uliopita. Nina mawazo mengi. Naomba kuonana na mtu wa afya ya akili." Hayo yatosha. Ikiwa pale hakuna, omba uandikiwe barua ya kwenda penye mhudumu huyo. Mtu akiwa mbali na hospitali, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya simu 1199, ambayo haitozwi pesa.

Wengine huogopa jina la Mathari. Hospitali ile ya Nairobi ilianzishwa na wakoloni mwaka 1910, na toka zamani watu wameifanya jina la matusi: "Utapelekwa Mathari." Mathari ingaliko na inatibu watu, na wengi hutoka wamepona, lakini safari ya tiba haianzi huko. Huanza kwenye zahanati iliyo karibu. Toka mwaka 2013 hospitali za wilaya na zahanati ziko chini ya serikali za kaunti, na wagonjwa wengi wa namna hii hutibiwa wakitoka nyumbani kwao, bila kulazwa.

Wala msaada si wa waganga peke yao. Huko Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliona wagonjwa wa mawazo ni wengi na madaktari ni wachache mno. Akawafundisha bibi wazee 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa juu ya benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu. Watu walikuja, wakazungumza, wakapata nafuu, na mwaka 2016 uchunguzi wa wataalamu ulionyesha kwamba njia ile yafaa kweli. Hapa kwetu, kule Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, wako wakimbizi waliofundishwa kuwasikiliza wakimbizi wenzao waliopita katika vita na njaa. Kama bibi wa Mbare aweza, kama mkimbizi wa Kakuma ambaye mgao wake wa chakula ulipunguzwa mwaka 2025 aweza, mjumbe wa tawi letu atashindwaje kukaa robo saa na mwenzake?

Hapa twataka kusema neno la historia, maana limetuchoma. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilimkamata Makhan Singh, mmoja wa wazee wa vyama vya wafanya kazi katika Kenya. Alipelekwa Lokitaung, katika Turkana hii hii, na baadaye Maralal na Dol Dol, asiachiliwe mpaka mwaka 1961. Fred Kubai, mzee mwingine wa vyama, alifungwa pia Lokitaung, pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao. Kenyatta alipomaliza kifungo chake mwaka 1959 alihamishwa Lodwar, akakaa huko hata mwaka 1961. Kwa nini walichagua mahali pale? Wakoloni walijua ya kuwa njia ya kumvunja mtu ni kumtenga na watu wake, asisikie sauti ya mwenzake. Sasa twajiuliza. Tulipomwona mwenzetu akinyamaza, tukasema ni mlevi, tukafunga daftari, tofauti yetu na wale ilikuwa nini? Wale walihitaji jangwa na askari ili kumtenga mtu. Sisi tulimtenga akiwa katikati ya landhi, ukuta kwa ukuta na sisi.

Tuje kwenye haki, maana chama bila haki ni klabu ya chai.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yamkataza mwajiri kumbagua mfanya kazi kwa sababu ya hali yake ya akili. Neno hilo limeandikwa humo, pamoja na kabila, dini na ulemavu. Kifungu cha 30 chasema mfanya kazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini ana haki ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha mganga. Sheria haisemi ni ugonjwa wa mguu tu. Cheti ni cheti. Mapatano ya chama na mwajiri yaweza kutoa zaidi ya hapo, wala hayawezi kutoa pungufu.

Kuna jambo jingine lililowafanya watu kuficha. Kwa miaka mingi Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 226, ilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na mtu aliyeokolewa aliweza kutolewa hospitalini akapelekwa mahakamani. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Basi mwanachama asikubali kutishwa na polisi kwa sababu ameugua, wala ndugu zake wasimfiche ndani kwa hofu ya pingu.

Toka Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF. Pesa ni zetu. Tukiumwa na akili tuna haki ya kwenda dirishani kama aliyeumwa na jino.

Kamati ya tawi imeketi tena, safari hii kwa muda wa kutosha, nayo imeamua kumwandikia mwenye kazi madai haya:

Kwanza, baada ya ajali ya kuua, kila mfanya kazi aliyehusika, awe dereva, gadi au mtu wa genge, apumzishwe siku ile bila kukatwa mshahara, na aonane na mganga au mshauri kabla hajarudi kazini.

Pili, mtu mwenye rekodi njema akibadilika ghafula, asipewe barua ya onyo kabla hajaulizwa kilichompata na kupewa nafasi ya kwenda hospitali.

Tatu, mfanya kazi aliyetibiwa arudishwe kwenye kazi yake. Ikiwa mganga amesema apewe kazi nyepesi kwa muda, apewe bila kupunguziwa daraja.

Nasi wenyewe tumejiwekea sharti. Hakuna jambo la ulevi au utoro litakaloamuliwa katika tawi hili kabla mjumbe mmoja hajaketi na mhusika faraghani na kumwuliza, "Ndugu, unalalaje?" Litakalosemwa hapo halitatoka hapo, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Mjumbe atakayelipeleka klabuni atavuliwa ujumbe.

Twajua watakaosema kwamba hivi tunawafungulia mlango wavivu na walevi, kila mtu atadai ana mawazo. Twawajibu kwamba hatusemi makosa yasiadhibiwe. Mtu akiendesha gari la moshi amelewa, ashushwe mara moja, kwa usalama wa wote. Lakini kumshusha mtu ni jambo moja, na kumtupa bila kuuliza ni jambo jingine. Mwivu wa kazi hatapenda kwenda kwa mganga kupimwa mara kwa mara. Mgonjwa atakwenda, akionyeshwa njia. Na gharama ya kumwuliza mtu ni ndogo sana kuliko gharama ya mazishi.

Twajua pia wanaume wengi wetu tulilelewa kwamba kulia ni aibu na kusema shida ni unyonge. Wahenga nao walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema maradhi ya mwili tu. Mke wako anapokuambia umebadilika, usimkaripie. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuona ufa. Na ninyi akina mama mfanyao kazi stesheni na ofisini, ambao mkitoka kazini mwaanza kazi nyingine nyumbani, dalili hizi ni zenu pia. Msingoje mpaka watoto wamalize shule ndipo mjitibu.

Mwenzetu amerudi kazini mwezi wa tatu sasa. Huenda kliniki kila mwezi, na nyapara wake anajua na kumpa ruhusa. Pombe ameacha, ingawa mwenyewe asema si rahisi. Usiku mmoja mmoja bado haumwendei vema, lakini sasa akiamka ana mtu wa kumpigia simu. Barua ya pili ya onyo imefutwa. Ya kwanza ingali katika faili yake, nasi hatutanyamaza mpaka itoke. Mpwa wake alimrudishia kigoda, naye amekuja nacho. Kipo chumbani kwake landhini. Tulipomtembelea Jumapili alituketisha juu ya kitanda, yeye akakaa juu ya kigoda, tukanywa chai mpaka jioni.

Ndugu wanachama, kabla hamjaikunja karatasi hii, kila mmoja amfikirie mtu mmoja katika genge lake, katika ofisi yake, katika karakana yake, ambaye siku hizi amenyamaza. Leo jioni mwende mkamwulize. Na kama mtu huyo ni wewe mwenyewe, usingoje kuulizwa. Njoo. Mlango wa tawi uko wazi, na safari hii hatutafunga daftari.

Umoja ni nguvu.

Wahariri, kwa niaba ya Kamati ya Tawi